Kwani Hao si Wale wa Makalio?

Daktari alikishika kiganja cha mtoto, akajaribu kukinyoosha kidole cha kati. Hakikunyooka. Akajaribu cha pete, nacho kikagoma. Mtoto akauvuta mkono wake kifuani na kumtazama mama yake. Vidole vitatu vilikuwa vimejikunja na kugandamana na kiganja. Ngozi iliyovishikilia ilikuwa ngumu, inang'aa, haina hata mstari mmoja wa ile mistari ambayo kila kiganja huzaliwa nayo.

"Aliungua lini?"

"Mwaka juzi, daktari. Uji wa moto," mdogo wangu akajibu.

Daktari akaandika kwa muda. "Kidonda kilipona, ila ngozi imejivuta. Anatakiwa aonwe na daktari wa upasuaji rekebishi. Hapa hatuna. Nawaandikia rufaa."

Nje, tukiwa kwenye benchi tunasubiri karatasi igongwe muhuri, mama mmoja mtu mzima akatuuliza tumeambiwaje. Mdogo wangu akamweleza. Yule mama alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli kabisa.

"Upasuaji rekebishi? Kwani hao si wale wa makalio, mwanangu?"

Hakuwa na nia mbaya. Alimpa mtoto karanga, akatuombea heri, akaitwa jina lake, akaingia ndani. Ni wiki nyingi sasa na swali lake halijanitoka kichwani.

Mlango mmoja

Ana haki ya kuuliza vile. Fani hii, ya kurejesha umbo na kazi ya sehemu za mwili zilizoharibika, imetufikia kwa mlango mmoja tu. Hospitali ya Mloganzila ilipotangaza huduma za kupunguza mafuta na kurekebisha maumbile, hakuna kijiwe ambacho hakikuwa na maoni. Wachungaji na masheikh waliulizwa. Instagramu imejaa picha za kiuno cha kabla na kiuno cha baada.

Hakuna anayeweka picha ya kabla na baada ya kidole cha mtoto.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza. Nimewauliza wauguzi, madaktari wachache waliokubali kukaa nami, na wazazi tuliokutana nao kwenye foleni za wodi ya majeraha ya moto. Nimesoma nilichoweza kukipata. Nilianza nikitaka tu kuwaelewesha watu kwamba fani hii si ya makalio peke yake. Kadiri nilivyosikiliza, jambo hilo likaonekana dogo, na swali jingine likakua: hawa wataalamu ni wachache mno, na kila upande unawavuta. Miaka kumi na tano ijayo, nani atakuwa wodini?

Ngozi inavyojivuta

Nieleze kwanza kilichoupata mkono ule, maana hata sisi wenyewe tulidhani kidonda kikishafunga, habari imekwisha.

Moto au uji ukiishia juu juu, ngozi ina mbegu zake chini, itaota tena. Ukizama, tabaka lile linalozaa ngozi mpya linakufa, na mwili unabaki na njia moja ya kuziba shimo: kuvuta kingo zije katikati. Huvuta kwa nguvu na huvuta kwa muda mrefu. Kovu huendelea kukaza miezi mingi baada ya bandeji ya mwisho kutupwa. Likiwa mgongoni, ni kovu. Likiwa kwenye kiungo, shingoni, kwapani, nyuma ya goti au kwenye kiganja, linakunja kiungo chenyewe. Kwa mtoto kuna la ziada, kwa sababu mfupa unakua na kovu halikui nao.

Dawa yake inajulikana kwa zaidi ya karne. Kidonda kirefu hakiachwi kijifunge chenyewe. Ngozi nyembamba, chini ya nusu milimita, inaparwa kutoka pajani kwa kisu maalumu, inatobolewa matundu ili inyumbuke na majimaji yapate pa kupitia, kisha inalazwa juu ya kidonda kilichosafishwa. Siku mbili za kwanza kipande hicho hakina damu yake, kinaishi kwa unyevu wa kidonda kama mche uliohamishwa shambani. Baada ya hapo mishipa midogo ya chini inaungana na ya juu. Kikiingiwa na usaha, au damu ikijikusanya chini yake, au mtoto akiuchezesha mkono, kinakufa na kazi inaanza upya.

Sisi hatukupandikizwa ngozi mwanzoni. Kituo tulichoanzia kilisafisha kidonda kwa uaminifu mpaka kikafunga. Walifanya walichoweza kukifanya. Hakuna aliyetuambia tumfunge mkono ukiwa umenyooka, kwa banzi, usiku na mchana.

Kwa hiyo, baada ya rufaa na kungoja kwingi, ikabidi kovu lifunguliwe. Walikata pale lilipovuta, vidole vikaachia, kukabaki uwazi mwekundu ulioanzia kwenye kiganja hadi katikati ya kila kidole. Uwazi huo waliujaza kwa ngozi nene kidogo iliyotolewa kinenani, kwa sababu ngozi nene haijikunji sana. Pini nyembamba za chuma zikapitishwa ndani ya vidole ili visirudi vilikotoka.

Nilikuwepo siku walipofungua bandeji. Muuguzi aliimwagia maji ya chumvi kwanza, akasubiri, akaanza kuibandua tabaka kwa tabaka huku akimsimulia mtoto habari za paka wake. Gozi la mwisho lilipotoka tuliona vipande vya rangi ya zambarau iliyofifia. Mimi niliogopa. Daktari akabonyeza kimoja kwa ncha ya kidole, kikapauka, akaachia, rangi ikarudi. "Damu inapita," akasema, akaenda kitanda kingine.

Kisha yakaja yale ambayo hayana picha. Banzi la kuvaa kila usiku. Mafuta ya kukanda kovu asubuhi na jioni. Safari za kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Muwasho. "Mama mkubwa, inawasha," ananiambia kwenye simu kabla hata hajanisalimu. Daktari alimwambia mdogo wangu kwamba yeye alikuwa thieta saa mbili, na mama ndiye mwenye kazi ya mwaka mzima.

Kauli hiyo ilinifungua macho kuliko vyote nilivyosoma. Nilikuwa nikimfikiria daktari bingwa na kisu chake. Pale niliona kwamba kisu bila banzi, bila mtu wa mazoezi, bila muuguzi anayejua kubandua bandeji polepole, kingemrudisha mtoto yuleyule thieta baada ya mwaka.

Walikuja kwa ndege

Nikataka kujua fani hii ilifikaje kwetu, na hapo nikakutana na jambo ambalo sikulitarajia.

Upasuaji huu wa kisasa ulizaliwa na vita. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa akitengeneza nyuso za askari zilizosambaratishwa na risasi na mabomu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hospitali ya kazi hiyo ilifunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Katika vita vya pili, binamu yake Archibald McIndoe akawapokea marubani walioungua, kwenye mji mdogo wa East Grinstead. Aligundua kwamba waliodondokea baharini vidonda vyao vilikuwa na hali nzuri kuliko vya wenzao, akaanza kuwalowesha wagonjwa kwenye maji ya chumvi. Aliwaendea pia wenyeji wa mji na kuwaomba wawakaribishe vijana wale majumbani na kwenye baa bila kuwakodolea macho. Alijua kwamba mtu mwenye uso uliotengenezwa upya anahitaji mtaa utakaompokea.

McIndoe huyohuyo, pamoja na Michael Wood aliyekuwa daktari wa upasuaji Nairobi, na Mmarekani Tom Rees, walikutana chini ya Mlima Kilimanjaro na kupanga jambo ambalo mwaka 1957 likawa huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege Afrika Mashariki.

Ndiyo AMREF.

Shirika ambalo wengi wetu tunalijua kwa ndege zake, kwa chanjo na kwa mafunzo ya wahudumu wa afya lilianzishwa na madaktari watatu wa upasuaji rekebishi. Waliona wagonjwa wenye makovu ya moto, waliojeruhiwa na wanyama, na watoto wenye mdomo uliopasuka, wote mbali na hospitali yoyote ya maana, wakaona kuwa njia ni kumpandisha daktari kwenye ndege.

Na Tom Rees, huyo wa tatu, New York alijulikana kwa kazi gani? Kukaza nyuso za matajiri zilizoanza kulegea. Alikuwa miongoni mwa majina makubwa ya upasuaji wa urembo Marekani.

Nilipolijua hilo nililazimika kusimama. Nilikuwa nimeshaanza kuandika makala nyingine kabisa kichwani mwangu, makala ya kuwalaumu madaktari wanaokimbilia urembo. Sasa naona kwamba mkono uliokuwa ukikaza mashavu ya matajiri ndio huo uliosaidia kuanzisha shirika lililookoa maisha vijijini kwetu. Lawama ile sikuweza kuiandika tena kwa urahisi.

Kambi ikiondoka

Ndege zile zilituachia desturi moja, nzuri na yenye kasoro. Desturi ya kambi.

Kila mwaka tunasikia tangazo redioni: madaktari bingwa wanakuja, wenye watoto wenye mpasuko wa mdomo wafike hospitali fulani. Takriban mtoto 1 katika kila 700 duniani huzaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa. Upasuaji wa mdomo ni kazi ya muda mfupi mikononi mwa anayeijua, na furaha ya mama siku ile haina kipimo. Sitasema neno baya juu ya kambi hizo. Nimewahi kuona mtoto akirudi kijijini kwake na akina bibi wakimpokea kwa vigelegele.

Lakini mpasuko wa kaakaa unataka zaidi. Unataka upasuaji mwingine baadaye, kufuatilia masikio, meno, na hasa matamshi, maana mtoto aliyezibwa kaakaa bila kufundishwa kutamka anaweza kubaki anaongea puani maisha yake yote. Moto hauna ratiba ya kambi hata kidogo. Mtoto akimwagikiwa na chai leo, wiki tatu za mwanzo ndizo zinazoamua kama atakuwa na mkono au na ngumi.

Baadhi ya mashirika yameliona hilo. Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, lilichagua kuwawezesha madaktari wa nchi husika wafanye kazi mwaka mzima, kuliko kusafirisha timu. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam kwa miaka mingi imekuwa mahali pa kudumu pa kupeleka watoto hawa. Uganda wana CoRSU, Kisubi, barabara ya Entebbe, hospitali ambapo upasuaji rekebishi na mifupa viko chini ya paa moja pamoja na mazoezi tiba. Nikisikiliza maelezo ya mahali kama hapo, nasikia jinsi mkono wa mtoto wetu ulivyostahili kupokewa tangu siku ya kwanza.

Njia ya kufika

Anayetaka kuwa bingwa wa fani hii anaanza kama daktari mwingine yeyote: miaka mitano ya chuo na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Baadaye anaongeza mitano mingine au zaidi. Njia mojawapo ni chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha na kilichoanzishwa mwaka 1999. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi hahami kwenda kukaa darasani ughaibuni. Anajifunzia hospitalini, chini ya bingwa wa hapohapo, miaka miwili ya msingi kisha mitatu ya fani. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina shahada yake ya ubingwa, na hospitali ya Kenyatta ndiyo shule yao kubwa ya majeraha ya moto.

Kwa hiyo mlango upo, tofauti na zamani ambapo ilikuwa lazima usafiri mbali. Kinachonitia wasiwasi kiko baada ya mlango.

Kijana anamaliza akiwa na miaka thelathini na kitu. Ana familia, ana deni, ana wazazi wanaomtazama. Mbele yake kuna hospitali ya umma ambako thieta anagawana na watu wengine wote, na dharura ya mama mjamzito, kwa haki kabisa, itampiku kila mara. Upande wa pili kuna kliniki yenye kiyoyozi, mgonjwa anayelipa taslimu, na upasuaji ambao mgonjwa wake alikuja akiwa mzima. Sidhani kama ni haki kumwomba mtu huyu uzalendo peke yake.

Tume ya jarida la Lancet iliyochunguza upasuaji duniani ilisema mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawana namna ya kupata upasuaji salama wanaoumudu. Iliweka lengo la angalau madaktari wa upasuaji, wa usingizi na wa uzazi 20 kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Hesabu hiyo inajumlisha fani zote hizo tatu. Ndani yake, wa makovu ni sehemu ndogo sana.

Urembo una haki yake

Nirudi kwa yule mama wa benchi, maana swali lake lina upande mwingine ambao nilichelewa kuuona.

Mwanamke aliyekatwa titi kwa saratani akiomba atengenezewe jingine kwa nyama ya mgongoni, huo ni urembo? Binti mwenye kovu la kuvimba linalotoka sikioni mpaka shingoni, ambaye anaweza kula, kulala na kufanya kazi, lakini hajawahi kukaa mbele darasani, huyo anatibiwa au anapambwa? Mama aliyejifungua mara tano na ngozi ya tumbo ikabaki inaning'inia, inachubuka na kutoa harufu kila joto linapozidi? Bima hulipia tiba na kuukwepa urembo. Tunaelekea kwenye Bima ya Afya kwa Wote, sheria yake ya mwaka 2023 ipo tayari. Mtu fulani ofisini atalazimika kuchora mstari, na ningependa kabla hajauchora akae asubuhi moja kwenye kliniki ya makovu.

Mimi siamini tena kwamba mstari huo upo wazi kama nilivyodhani.

Hata hivyo kuna hatari ambayo haitaki busara nyingi kuitambua. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kuondolewa mafuta mwilini kwenye kliniki ya urembo, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki ile. Kuhusu makalio yenyewe, mwaka 2018 kikosi kazi cha vyama vya kimataifa vya fani hii kilionya kwamba vifo vya kuongeza makalio kwa mafuta ya mwili vinaweza kufikia mtu 1 katika kila 3,000, kiwango cha kutisha kwa mtu aliyeingia thieta bila ugonjwa. Sababu inaeleweka: chini ya misuli ya makalio kuna mishipa mikubwa ya damu, na mafuta yakisukumwa ndani yake hupanda mpaka kwenye mapafu. Chama cha Uingereza cha upasuaji wa urembo kiliwashauri wanachama wake waache kuufanya kwa wakati ule.

Hayo ni ya mabingwa waliosomea. Huku kwetu kuna wanaochoma sindano saluni na vyumbani, vitu ambavyo hata wao hawajui vimetoka wapi, na wateja wao wakiharibika huishia kwa daktari yuleyule mmoja wa wodi ya umma. Anayefanya kazi ya urembo kwa cheti, kwa thieta kamili na mtu wa usingizi, simlaumu. Nchi isiyo na wa namna hiyo haitaondoa hamu ya watu. Itawaachia watu wa sindano.

Moto unaokuja

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100, wengi palepale, wengine baada ya kufikishwa hospitalini, hata Muhimbili. Kabla yetu Wakenya walilia kwa Sachangwan, Januari 2009. Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, walizika zaidi ya 200. Barabara ni zilezile, mafuta yanasafirishwa vilevile, na umaskini unaomfanya mtu aende na dumu kwenye lori lililopinduka haujaondoka.

Siku ile ya Morogoro ilionyesha jambo ambalo madaktari walikuwa wakilijua. Mgonjwa mmoja aliyeungua nusu ya mwili anatumia maji ya mishipa kwa lita nyingi ndani ya siku moja ya kwanza, anahitaji damu, chumba safi, ngozi ya kufunika, na timu nzima. Wakija makumi kwa pamoja, hakuna nchi yetu yoyote yenye vitanda hivyo.

Lakini msiba mkubwa wa moto haumo kwenye magari ya mafuta. Umo jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi sana katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sufuria ya uji sakafuni, jiko la mkaa usawa wa mtoto anayetambaa, kibatari, mgonjwa wa kifafa aliyeanguka motoni. Na baada ya hapo dawa ya meno, yai, manyoya ya sungura, badala ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameiacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Madaktari niliozungumza nao wanautazama kwa matumaini na kwa hofu kidogo, kwa sababu gesi nayo ina ajali zake, na mtu akihamia kwenye mtungi bila kufundishwa atafika wodini kwa njia nyingine.

Kuna bodaboda pia. Mfupa wa mbele wa mguu una ngozi nyembamba tu juu yake. Ukivunjika kwa kuburuzwa na lami, unabaki wazi. Bingwa akiwepo mapema, anaigeuza nyama ya kigimbi ikiwa bado imeshikana na mishipa yake ya damu, anaufunika mfupa, mguu unapona. Akichelewa, mfupa unaoza. Ni vijana wangapi wanaokatwa miguu ambayo ingeweza kufunikwa, na kesho yake hawana kazi?

Na kuna makovu ya kuvimba, ambayo huwapata watu wenye ngozi nyeusi kuliko wengine. Ukilikata tu, mara nyingi hurudi, na linaweza kurudi kubwa zaidi. Huo ni ugonjwa wetu. Natamani majibu yake yatoke Dar, Nairobi au Kampala, kwa watu wanaowaona wagonjwa hawa kila wiki. Utafiti unataka daktari mwenye muda, na daktari aliye peke yake wodini hana muda.

Orodha

Mmoja wa madaktari walionisaidia yuko mwishoni mwa masomo yake ya ubingwa. Ni mtu wa maneno machache. Nilimuuliza atakwenda wapi akimaliza, nikitegemea aseme kliniki binafsi ya mjini, au nje ya nchi.

Akasema anatamani kurudi mkoa aliokulia, lakini kwa masharti. Sikumkatisha, akayataja moja baada ya jingine, na ilionekana kuwa ameyafikiria muda mrefu. Nafasi ya ajira yenye jina la fani yake, asije akapangiwa kuona malaria. Thieta siku mbili kwa wiki ambazo haziguswi. Mtu wa usingizi aliyezoea watoto. Kisu cha kuparia ngozi na nyembe zake, maana nyembe hizo zikiisha kisu ni pambo. Damu ya kutosha kwenye benki. Mtaalamu wa mazoezi tiba mmoja, na mtu wa kutengeneza mabanzi. Muuguzi wa vidonda ambaye hatahamishwa kila anapokuwa amezoea. Ruhusa ya kufanya kazi binafsi jioni, hospitalini hapohapo, kwa wanaoweza kulipia urembo, na sehemu ya fedha hiyo iingie kwenye gozi na dawa za wodi.

Nilimuuliza kuhusu mshahara. Akafikiri kidogo, akasema auweke wa mwisho, kwa sababu hata ukiongezwa mara mbili, bila hivyo vingine atakuwa anakaa ofisini akiandika rufaa.

Nimeiweka orodha hapa kama alivyonitajia. Bajeti ya Wizara ya Afya husomwa bungeni kila mwaka, na nimeifuatilia mara nyingi bila kusikia mbunge akiuliza mkoa wake una mtaalamu wa kutibu makovu ya moto au hana, na kama yupo, ana nini mkononi. Kama una namba ya mbunge wako, mtumie. Na kama wewe au mtoto wako mliungua, niandikieni mlisubiri muda gani na nani aliwafundisha mazoezi. Nataka kujua ni mikoa gani jibu ni "hakuna".